Memware imepanda bei: mtoto akiomba ordinatere ya kuchezea, tuanzie wapi?

Mwenye aliuliza bei ya ordinatere ya kuchezea katikati ya mwaka 2025, na leo anarudi ku duka na makuta ile ile, atarudi nyumbani mikono mitupu. Boksi na karte mere, mtu anaweza bado kuongea na muuzaji. Kenye kimepanda zaidi ni memware, ile kipande ndogo yenye tunaita RAM, na diske inaifuata nyuma. Mtoto anafikiri baba anamunyima. Baba anafikiri muuzaji anamuiba. Bote babili banakosea.

Memware ya dunia inatoka karibu yote mu mikono ya kompani tatu: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Leo hizo kompani zinatumikia kwanza manyumba makubwa yenye kujaa maseriva ya akili bandia, ile yenye kujibu maulizo ku simu. Banunuzi bale banachukua kwa wingi na banalipa vizuri. Tarehe 3 Desemba 2025, Micron ilitangaza kama inaacha kuuzia bantu ba kawaida memware ya jina Crucial. Bachimbaji bamezoea hii mambo: mununuzi mukubwa akifika ku depo na kuchukua mizigo yote, nego mudogo anabakia na mifuko mitupu.

Na kuko upande mwingine wenye unatugusa. Manyumba ile ile ya maseriva inaomba shaba. Mwisho wa Desemba 2025, ku soko ya London, tani moja ya shaba ilipita dola 12 000. Shaba yenye kutoka Kolwezi inapanda, memware yenye kufika Kolwezi inapanda, lakini mushahara wa mwenye anashuka mu shimo hauna ngazi ile. Kwa bale ba kobalti njo nguvu zaidi: inchi ilisimamisha kuiuza inje tarehe 22 Februari 2025, kisha kuanzia 16 Oktoba ikaweka kota, tani 96 600 kwa mwaka mzima wa 2026. Makuta ya nyumba imekuwa ya kuhesabu, na mtoto haelewe kota ni nini.

Sasa, tufanye nini? Zamani mafundi balikuwa banasema: chukua prosesere ya kisasa, weka memware kidogo, utaongeza kesho. Leo shauri ile imegeuka mutego. Karte mere za AMD za kizazi cha AM5, zenye zilitoka 2022, zinakubali paka memware ya DDR5. Kizazi cha nyuma, AM4, kinatumia DDR4, na prosesere yake Ryzen 5 5600 inatosha kabisa kwa michezo. Lakini DDR4 mupya nayo imepanda, juu viwanda vinaiacha. Njo maana nasema: usinunue memware peke yake. Nunua mashini ya okazio yenye memware yake iko tayari ndani, giga 16 kama inawezekana.

Na okazio haikosekane. Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali prosesere za Intel za mbele ya kizazi cha 8, isipokuwa kwa njia ya kuzunguka. Mabiro mingi ya inje inatupa mashini zenye zinatembea bado vizuri. Tafuta Dell, HP ao Lenovo ya biro yenye i5 ya kizazi cha 8 ao cha 9. Omba bafungue boksi mbele yako. Karatasi ya inje inaweza kusema giga 16, na ndani ukute 4.

Mashini ya biro iko na shida moja: alimantasio yake ni ndogo, mara nyingi chini ya wati 300, na tena plagi zake ni za kipekee. Usiweke ndani karte grafiki yenye kula sana. GeForce GTX 1650 inakula wati 75, na kuko zenye hazihitaji kamba ya ziada. Kama boksi ni nyembamba, pima kwanza, juu inaomba karte fupi. Itacheza eFootball, Counter-Strike 2 na GTA V bila shida. Michezo mikubwa ya mwaka huu, hapana, na ni vizuri kumuambia mtoto mapema. Mwenye iko na boksi ya kawaida na alimantasio ya kweli atafute Radeon RX 6600: wati 132, giga 8 za memware yake mwenyewe.

Angalia vizuri karte ya okazio. RX 580 nyingi nazo zilikuwa bachimbaji: mpaka Septemba 2022 zilichimba ethereum usiku na mchana, bila konje. Vantilatere ikilia, ao muuzaji akikatala kuitesti na mchezo nusu saa, uende.

Kwa alimantasio, usihurumie makuta. Usisome namba kubwa ya mbele, soma mustari wa volti 12: ampere 35 mara 12 inatoa wati 420, na hiyo njo nguvu ya kweli. Na penye umeme unaruka-ruka, stabilizatere ikuje mbele ya karte.

Kungojea bei ishuke? Kiwanda kipya cha Micron kule Idaho kinangojewa kuanza kutoa mu 2027. Kama makuta haifike, nunua mashini ya biro sasa, na karte grafiki ikuje nyuma, mwezi wenye prime itaingia. Mtoto ataanza na michezo mepesi, na memware iko tayari nyumbani.