AFYA: UVIMBE WA SHINGO NA SHINIKIZO LA DAMU

Mtu akiota uvimbe shingoni, sokoni Kosele, kama katika masoko mengine, washauri huwa wengi: huyu asema ni rovu tu, yule ashauri upasuliwe kwa wembe.

Rovu ni kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya koo, nayo hupanda mtu amezapo mate. Sababu yake moja kubwa ni upungufu wa madini ya aidini; ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka 1978 iliamuru chumvi itiwe madini hayo. Tezi hiyo ikizidisha kazi, moyo hupiga mbio na tarakimu ya juu ya shinikizo la damu huongezeka.

Lakini upo uvimbe mwingine, wa nadra, chini ya pembe ya taya, penye panda ya mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Hapo pana kitu kidogo kama punje ya mchele, kipimacho hewa iliyomo damuni. Na kando yake ukuta wa mshipa hupima shinikizo. Uvimbe wa hapo hukua polepole bila maumivu. Daktari akiusukuma huenda kando, wala haupandi wala haushuki. Mara chache hutoa vichocheo kama vile vya tezi zilizo juu ya mafigo: ghafula shinikizo hupanda, kichwa huuma, jasho humtoka mtu.

Huo hauguswi kwa wembe kabisa, kwani umejaa damu. Hata daktari bingwa hupiga picha kwanza. Na ukiwapo pande zote mbili husita, maana mishipa ya fahamu ikiharibika huku na huku, shinikizo la mgonjwa hupanda na kushuka ovyo. Mwenye uvimbe na aende hospitali, aombe shinikizo lipimwe siku ile ile shingo itazamwapo.