Maumivu ya viungo: tusimkimbilie nyuki kabla ya kujua ugonjwa

Katika eneo la Aru, jimboni Ituri, mtu anayeamka na magoti yaliyokaza au vidole vilivyovimba hupata washauri wengi kabla hajafika kituo cha afya. Mmoja atamwambia achemshe tangawizi na manjano. Mwingine atasema achanjwe kwa wembe na kupakwa unga wa mizizi. Wa tatu, aliyesoma ujumbe kwenye simu, atamwambia aache nyuki wamuume gotini, kwa kuwa sumu yao inaondoa baridi yabisi.

Hatuwacheki wanaotoa ushauri huo. Kituo cha afya kiko mbali kwa wengi, dawa zinalipiwa, na mganga wa kienyeji anaishi jirani. Tena mimea imewapa madaktari dawa nyingi. Aspirini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897, ilitokana na kuchunguza mimea iliyotumika kwa maumivu tangu zamani, hasa gome la mti unaomea kandokando ya mito ya Ulaya. Lakini ilikuwa dawa ya kuaminika baada ya kupimwa: kiasi gani kinasaidia, kiasi gani kinadhuru, na nani asipewe. Sumu ya nyuki haijafika hapo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1888, Philipp Terč, daktari katika milki ya Austria, alichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa viungo aliowatibu kwa kuwaumisha na nyuki. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba karibu nusu ya sumu hiyo, ikikaushwa, ni kemikali iitwayo melitini, na kwa wanyama wa maabara imeonekana kupunguza uvimbe. Kwa binadamu, majaribio ni machache na yamehusisha wagonjwa wachache. Hayamruhusu daktari yeyote kusema kwamba nyuki wanaponya baridi yabisi.

Hatari yake, kwa upande mwingine, inajulikana vizuri. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akipata tiba ya kuumwa na nyuki kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, bila tatizo lolote. Siku moja nyuki alimuuma, pumzi ikambana, akazimia, na baada ya wiki kadhaa alifariki hospitalini. Kwa hiyo anayesema "mimi nimezoea nyuki" hana kinga. Mwili unaweza kuivumilia sumu mara ishirini na kuikataa mara ya ishirini na moja.

Ikitokea hivyo, mgonjwa huwashwa mwili mzima, uso na koo huvimba, na shinikizo la damu hushuka. Kinachomwokoa ni sindano ya adrenalini ndani ya dakika chache. Tujiulize, kijijini kwetu nani anayo? Tukumbuke pia tabia ya nyuki wetu. Sumu ya mmoja haizidi ile ya nyuki wa Ulaya, lakini mmoja akiuma, harufu anayoiacha huwaita wenzake. Anayecheza na mzinga ili atibiwe goti anaweza kuumwa na mamia.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Mzee ambaye gegedu la goti lake limelika haumwi sawa na mama ambaye kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake mwenyewe, na huyo wa pili anahitaji dawa za hospitali mapema kabla vidole havijapinda. Mtoto anayelia kwa mikono na miguu anaweza kuwa na SS, ugonjwa wa damu wa kurithi unaosumbua familia nyingi za Kongo. Mwingine anaumwa viungo wiki chache baada ya maumivu ya koo, na asipotibiwa ugonjwa huo unaweza kuharibu moyo wake. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla pamoja na homa kali huenda kina usaha ndani, na kinaweza kuharibika kwa siku chache tu. Kumpelekea nyuki mgonjwa wa namna hiyo ni kumpotezea muda ambao hana.

Historia ya mpaka wetu ina somo juu ya hili. Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, yaani mvunja viungo. Unaletwa na kirusi kinachobebwa na mbu, na wagonjwa wengi hupona wenyewe bila dawa maalumu. Mtu wa namna hiyo akiumwa na nyuki leo na kupona wiki ijayo, kijiji kizima kitasema nyuki ndiye aliyemponya. Hata baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, haufai kuwa kipimo cha dawa.

Tahadhari hiyo inahusu pia tiba nyingine zinazoitwa za asili. Wembe mmoja ukichanja watu wawili unaweza kuhamisha homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, vilivyouzwa kama vya asili: vipimo vilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Dawa hizo hutuliza maumivu upesi, na mnunuzi husifu mizizi, huku tumbo likitoka vidonda au sukari ikipanda. Mwenye kutumia deksamethasoni kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupoteza maisha.

Yapo ya nyumbani yasiyo na shaka kubwa. Kukanda kiungo kwa maji ya moto, kutembea kila siku badala ya kulala, na kupunguza uzito kwa mwenye goti bovu vinasaidia kweli. Dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa pilipili imepimwa na hupunguza maumivu ya goti, ingawa pilipili mbichi huunguza ngozi. Tangawizi na manjano katika chakula havina ubaya kwa watu wengi, ila visichukue nafasi ya vipimo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya wa Aru wahakikishe kila kituo kina adrenalini, na wauguzi wafundishwe kutambua viungo vinavyohitaji kupelekwa haraka hospitali ya rufaa. ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi, ichunguze unga na vidonge vya viungo katika soko la Ariwara, ambako bidhaa za Uganda na Sudan Kusini hukutana na zetu. Waganga wa kienyeji waketi na wauguzi, na wawe wa kwanza kumtuma kituoni mtoto mwenye homa na kiungo kilichovimba.

Na wewe msomaji, mzazi wako akilalamikia magoti, usimjibu kwamba ni uzee tu, wala usimtafutie mzinga. Mpeleke akapimwe. Wafugaji wa nyuki wa Aru wana asali na nta za kutuuzia, nasi tuzinunue. Sumu tuwaachie nyuki wailindie mizinga yao.