Mwenye mabilioni asijifiche kwenye ufilisi

Mara tatu kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani imejaribu kuzipeleka kesi za poda yake kwenye mahakama ya ufilisi, na mara tatu imerudishwa. Ya mwisho ilikuwa Machi 31, 2025, jaji wa Houston, Texas, alipoukataa mpango wake wa kumalizana na wadai kwa mkupuo. Majaji walioirudisha wametenda haki.

Wadai ni zaidi ya 60,000. Wengi ni wanawake wenye saratani ya ovari waliojipaka poda hiyo miaka nenda miaka rudi. Wengine wana mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Poda ya mtoto ilitengenezwa kwa talki, madini laini yanayochimbwa ardhini, na penye talki mara nyingi asbesto haiko mbali. Kwamba asbesto huleta saratani, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye talki yenyewe. Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani.

Kampuni inashikilia kwamba poda yake ni salama na haijawahi kuwa na asbesto. Imeshinda baadhi ya kesi, na fidia kadhaa zimepunguzwa au kufutwa kwenye rufaa. Sawa kabisa. Kazi ya mahakama ni hiyo hiyo: kila upande ulete ushahidi wake, jopo la raia lisikilize, liamue.

Lakini ushahidi ulianza kuiumiza kampuni. Mwaka 2018 jopo la St. Louis, Missouri, liliamuru wanawake 22 walipwe dola bilioni 4.69. Desemba mwaka huo shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba tangu miaka ya 1970 vipimo kadhaa, vikiwemo vya kampuni yenyewe, vilikuta asbesto kidogo, na umma haukuambiwa. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaikuta kwenye kopo moja, na makopo yapatayo 33,000 yakaondolewa madukani. Rufaa ilipunguza ile fidia ya Missouri hadi dola bilioni 2.1. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, na kampuni ikalipa.

Miezi minne baadaye ndipo ilipoanza ujanja. Sheria ya Texas inairuhusu kampuni kujigawa: upande mmoja ubaki na mali, mwingine ubebe madeni. Ni kama mwenye duka anayemkabidhi mwanawe daftari la madeni, kisha anamtuma akaseme mahakamani kwamba hana kitu. Kampuni iliyobebeshwa kesi za poda, LTL, iliundwa Oktoba 2021 na ikaomba ufilisi siku mbili baadaye. Kesi zote zikasimama. Wapo wadai waliokufa wakisubiri.

Mahakama ya rufaa ya Philadelphia iliuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: muflisi gani huyu? LTL ilikuwa na mkataba unaoiruhusu kuchota zaidi ya dola bilioni 61 kutoka kwa mzazi wake. Ombi likatupwa. Baada ya uamuzi huo kutekelezwa, Aprili 2023, zilipita saa mbili na dakika chache tu, ombi la pili likawa limewasilishwa, safari hii na ahadi ya dola bilioni 8.9. Nalo likatupwa. La tatu, kwa jina jipya la kampuni, ndilo lililokwama Houston.

Ufilisi ni kimbilio la aliyeshindwa kulipa. Kampuni tajiri isiyotaka tu kuhukumiwa haistahili kimbilio hilo.

Sisi wa huku Afrika Mashariki tuna hesabu yetu. Poda ya mtoto tunaijua: mtoto akitoka kuogeshwa hupakwa, na akina mama hujipaka shingoni na kifuani joto linapozidi. Mei 2020 kampuni ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, ikisema wateja wamepungua. Kwingineko iliendelea kuiuza hadi 2023, ilipohamia kwenye wanga wa mahindi dunia nzima. Kama wateja wa Marekani walistahili kuachishwa, tulikosa nini sisi hata tukaendelea kuuziwa? Wamarekani wamepigania miaka mitatu na nusu haki ya kusikilizwa na jopo. Mnunuzi wa soko la Kariakoo au Kongowea hata mlango wa kubisha haujui.

Na poda za talki za kampuni nyingine zingalipo madukani. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yazipime kwa hadubini ya elektroni, maana kipimo hafifu hakizioni nyuzi ndogo za asbesto, na yatangaze matokeo kwa majina ya bidhaa. Nawe msomaji, kabla ya kulipia kopo, ligeuze usome viambato. Ukikuta neno "talc" na nyumbani una mtoto mchanga, lirudishe kwenye rafu.