Injini ya Boti na Hewa ya Nyanda za Juu

Pikipiki iliyorekebishwa vema na fundi wa Magoma, katika bonde la mto Lwengera, huenda bila taabu maadamu imo bondeni. Ikipandishwa kwa njia ya Mombo na Soni hadi Lushoto, kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, huanza kulemewa. Moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na petroli huisha upesi. Lawama hutupiwa fundi, au mafuta, au ukali wa mlima. Ni nadra hewa kutajwa, ilhali hewa ndiyo yenye neno.

Kwamba Lushoto iko juu, hakuna abishaye. Lililo gumu kuaminika ni kwamba mvuvi wa Mwanza naye yuko juu. Maji yametanda mbele yake mfano wa bahari ya Tanga, wala haoni mlima alioupanda. Hata hivyo, uso wa Ziwa Viktoria uko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hauachani sana na mji wa Lushoto, na umelizidi mbali bonde la Magoma. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, na Ziwa Naivasha la Kenya karibu mita 1,884. Kwa hiyo injini ya boti inayotolewa pwani na kufungwa kwenye mtumbwi wa Mwanza imepandishwa mlima, ingawa mwenye nayo hana habari.

Jambo hili si geni katika sayansi. Mwaka 1648, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal, Mfaransa Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa zebaki, akaona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda. Hewa ina uzito, na kadiri mtu anavyokwenda juu, ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua na kanieneo yake kuwa ndogo. Katika usawa wa Ziwa Viktoria, hewa inayojaza silinda ina uzito pungufu kwa asilimia 10 hivi kuliko ile ya pwani. Lushoto upungufu hufikia asilimia 13. Oksijeni nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Basi injini ya nguvu-farasi 25, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, haitoi ziwani zaidi ya nguvu-farasi 22 au 23. Namba iliyoandikwa kwenye injini ni ya kweli, lakini kweli yake ni ya pwani.

Hapo ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Mtu akiona nguvu imepungua, hudhani injini ina njaa ya mafuta, akaiongezea. Mambo ni kinyume chake. Hewa ikipungua kwa asilimia 10, kabureta hupunguza petroli kwa asilimia 5 tu hivi. Mchanganyiko unaoingia silindani tayari umezidi petroli, na ziada hiyo hutoka ikiwa moshi na masizi. Kuongeza mafuta ni kuongeza ugonjwa.

Marekebisho yapasayo ni mawili, nayo yafuatane. La kwanza ni jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Kibadilishwe kwa chenye kitundu kidogo zaidi, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Kuingiza waya katika kitundu cha zamani ni kubahatisha. La pili ni rafadha, au propela kama wavuvi waiitavyo. Injini iliyopungukiwa nguvu haiwezi kuzungusha propela ya pwani kwa kasi iliyokusudiwa. Propela ya kasi ndogo, ambayo kwa kila mzunguko husonga mbele umbali mfupi zaidi, huipunguzia mzigo. Kwa kawaida, inchi 1 ya umbali huo ikipunguzwa, injini huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika.

Ieleweke kwamba marekebisho hayo hayarudishi nguvu iliyopotea. Yanazuia upotevu wa petroli na kuiwezesha injini kutumia vema hewa iliyopo. Ieleweke pia kwamba yana hatari yake. Injini iliyopunguziwa jeti kwa ajili ya Mwanza, ikiuzwa Tanga bila kurudishiwa jeti ya awali, hupata hewa nyingi na petroli haba. Huchemka kupita kiasi, na pistoni huweza kuungua. Ikiwa ni injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huja pamoja na petroli, hata ulainishaji hupungua. Mvuvi aliye mbali na ufuko hana fundi wa kumwita.

Yuko atakayesema kwamba injini mpya, zenye kompyuta ndogo inayopima kanieneo ya hewa na kupunguza petroli yenyewe, zimemaliza tatizo. Kauli hiyo ni kweli nusu. Kompyuta huzuia petroli kupotea. Haileti oksijeni isiyokuwapo. Propela bado yapasa kuchaguliwa kwa kadiri ya ziwa. Na mwenye mashine ya kusaga milimani, inayoendeshwa na dizeli isiyo na tabo, bado yapasa apunguze mafuta kwenye pampu hadi moshi mweusi ukome, na tangu siku ya kununua achague injini yenye nguvu iliyozidi kidogo hitaji lake.

Elimu hii haipaswi kungojewa gereji, baada ya hasara. Mahali pake ni darasa la fizikia, wala haihitaji vyombo vya thamani. Wanafunzi wa Magoma na wa Lushoto wanaweza kuchemsha maji siku moja, kila shule kwao, na kulinganisha vipimajoto: Lushoto maji yatachemka karibu na nyuzi 95 za Selsiasi, na bondeni karibu na 99. Chupa tupu ya plastiki iliyozibwa barabara Lushoto itakuwa imebonyea ifikapo Magoma. Mwalimu akisha kuonyesha hayo, aulize swali moja: injini iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani itafanyaje huku? Mwanafunzi atakayelijibu kwa hesabu, si kwa kubahatisha, ataweza kumshauri mzazi wake kabla fedha za familia hazijatolewa dukani.