Mashine ya Vita Humtii Nani?

UFUKWENI: safu ya kila wiki ya Zaituni Nduwimana, Kibenga, Bujumbura

Miongoni mwa wahusika waliobuniwa na filamu za karne iliyopita yumo askari wa chuma mwenye utiifu uliogawanyika, yaani roboti iliyoundwa ipigane kwa amri ya bwana mmoja, ilhali ndani yake mna amri au kumbukumbu nyingine inayoivutia upande wa pili. Roboti, kwa maana inayotumika hapa, ni mashine yenye uwezo wa kutambua kilicho mbele yake na kutenda kwa kufuata programu, pasipo kuongozwa hatua kwa hatua na mkono wa mtu. Mfano unaostahili kuchunguzwa ni RoboCop, filamu ya Kimarekani ya 1987, ambamo polisi aliyeuawa anarudishwa kazini akiwa nusu mtu nusu mashine, akiwa amepewa kanuni tatu za kuwatumikia raia, kuwalinda wasio na hatia na kusimamia sheria, kumbe kampuni iliyomuunda imemfichia kanuni ya nne inayomzuia kumkamata kiongozi yeyote wa kampuni hiyo. Anapomkabili mkurugenzi mhalifu, mwili wake unagoma, na hana la kufanya hadi mkuu wa kampuni amfukuze kazi mhalifu huyo papo hapo, ndipo risasi itoke. Watazamaji wengi huikumbuka risasi ile, ingawa jambo zito zaidi katika kisa hicho ni kwamba haki ilikaa ikingoja ruhusa ya mwenye mali.

Kisa hicho ni cha kubuni, lakini swali lake lina historia ndefu katika Ziwa Tanganyika, ambalo linapakana na Kibenga na kuziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Katika Vita Kuu ya Kwanza ziwa hili lilikuwa uwanja wa mapigano ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na katika mapigano hayo yaonekana wazi kuliko katika filamu yoyote kile ambacho mashine ya vita hufanya inapobadili bwana.

Kingani ilikuwa boti ndogo ya mvuke ya Wajerumani, yenye urefu wa takriban mita 17, iliyopewa jina la zamani la Mto Ruvu unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, nayo ililetwa ziwani kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mnamo Desemba 1915 Waingereza, wakiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson, waliteremsha majini boti mbili za injini zilizoitwa Mimi na Toutou, ambazo zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni kuelekea kaskazini, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikateremka Mto Lualaba, na hatimaye zikafika mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani, ulipo leo mji wa Kalemie. Tarehe 26 Desemba, Kingani ilipokaribia pwani hiyo kupeleleza, ilifukuzwa na boti hizo mbili, na kwa kuwa mzinga wake mdogo ulifungwa mbele kwa namna ambayo haukuweza kuwalenga waliotoka nyuma, ilipigwa kwa muda mfupi, kamanda wake akauawa, na chombo kikatekwa. Waingereza walikiziba matundu, wakakifunga mzinga mkubwa zaidi, wakakipa jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916, yaani siku 45 baada ya kutekwa, Fifi ikaikimbiza na kusaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann, chombo cha Wajerumani ambacho awali boti hiyo ilikuwa ikilinda nacho ziwa hili hili.

Hapana ushahidi wa utiifu uliogawanyika ndani ya boti hiyo, wala usingeweza kuwapo, kwa kuwa tanuri lililokuwa likichemsha maji kwa ajili ya Wajerumani lilichemsha maji yale yale kwa ajili ya Waingereza, na usukani uligeuka upande uliogeuzwa. Jambo hili ni dogo kulitamka lakini kubwa kulielewa, kwa sababu watu wa zama hizi wamezoea kuamini kwamba silaha ni "ya" nchi iliyoinunua, ilhali ukweli ni kwamba silaha ni ya yule anayeiamuru saa ile.

Hadithi ya meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, inaongeza sura nyingine. Iliundwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915, kisha ikafungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji mwaka huo huo. Wajerumani walipoona Kigoma inaponyoka mikononi mwao, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi ili maji yasizile. Tendo hilo la mafundi linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani watu hao walitekeleza amri ya kuiangamiza meli huku mikono yao ikiihifadhi kwa ajili ya siku nyingine, na katika mkasa wote wa ziwa hili huo ndio utiifu uliogawanyika wa hakika. Waingereza waliiopoa meli hiyo mwaka 1924, wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ukingoni mwa ziwa karibu na mpaka wa Burundi, meli hiyo hiyo ilitia nanga mbali kidogo na ufuko kwa kuwa hapakuwa na gati, watu wakapelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo hadi ubavuni mwake, wazee na watoto wakapandishwa, ikawachukua kwa mamia katika kila safari hadi Kigoma. Ni vigumu kwa Mrundi kuisoma habari hiyo bila shukrani. Hata hivyo shukrani hiyo yapasa iwaendee mabaharia na watumishi wa misaada walioipanga safari ile, kwa kuwa kusema kwamba meli ya vita ilitubu ni kukipa chuma sifa ya binadamu, na kosa hilo la kufikiri ndilo linaloiponza dunia ya leo inapozungumza juu ya roboti zenye silaha.

Binadamu ndiye anayegawanyika. Maaskari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walizoezwa kwa gwaride na adhabu ili wawe kama viungo vya mtambo mmoja, lakini mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu maaskari hao, ameonyesha kwamba walikuwa na shabaha zao wenyewe: mshahara, heshima, kaya zilizofuatana nao hata safarini, na tamaa ya kuwa watu wakubwa mahali walipokaa. Vita vilipowaelemea Wajerumani, baadhi yao walitoroka, wengine walitekwa, na mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha sita cha jeshi lao la Afrika Mashariki, King's African Rifles, kwa kuwaandikisha maaskari waliotoka upande wa adui. Kwa nje mkasa huo unafanana na ule wa Kingani, maana watu walibadilishiwa bendera kama boti. Tofauti ni kwamba boti haikuulizwa kitu, ilhali kila askari alipima njaa, kiapo, familia na hatari, na wapo waliopima vivyo hivyo wakabaki na Wajerumani hadi mwisho. Maaskari hao hawakuwa watakatifu, na vijiji vilivyochomwa navyo vina ushahidi wake. Lakini uwezo wa kupima ulikuwa wao.

Wakuu wa majeshi wa nchi nyingi huuhesabu uwezo huo kuwa udhaifu wa kuondolewa. Historia ya Burundi inafundisha kinyume chake. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993, Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 uliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika vikosi vya ulinzi, na sharti hilo likaingizwa katika katiba. Mara nyingi huelezwa kuwa ni mgawanyo wa vyeo na ajira, lakini maana yake ya ndani ni nzito zaidi: jeshi lililoundwa hivyo ni jeshi ambamo amri ya kuangamiza sehemu ya wananchi haiwezi kupita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo bila kukutana na mtu ambaye jamaa zake ndio wanaolengwa. Kwa maneno mengine, nchi hii ililifanya kuwa suala la sheria kwamba moyo wa askari usiwe wa upande mmoja. Si haba familia za Bujumbura ambazo hadi leo zinasimulia habari ya mwenye silaha aliyegeuza uso pembeni akawaacha watu wapite, na mtu huyo, kwa hesabu ya aliyemtuma, alikuwa msaliti.

Sasa silaha zenyewe zinabadilika. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni, yaani ndege zisizo na rubani ndani yake, kutoka Goma, nazo zilikuwa za kupeleleza tu. Tangu hapo droni zenye makombora zimetumika katika vita vya Ethiopia, Sudan na mashariki ya Kongo. Nyingi kati ya hizo bado huamriwa na mtu aliyeketi mbali. Lakini ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 kuhusu Libya ilizungumzia silaha zilizopangwa kushambulia shabaha bila kuhitaji mawasiliano kati ya silaha na mrushaji. Silaha ya namna hiyo, ambayo hujichagulia wa kumuua baada ya kuwashwa, huitwa silaha inayojiendesha.

Hapo ndipo kanuni ya nne ya RoboCop inapotoka katika filamu na kuingia maishani. Nchi inayonunua droni kutoka ng'ambo hununua pia programu iliyoandikwa na wengine na kuhuishwa na wengine, na mara nyingi mawasiliano yanayopitia setilaiti za wengine, sawasawa na mnunuzi wa simu ya mkopo, aina inayouzwa sana Kenya, Uganda na Tanzania, ambaye simu iko mfukoni mwake lakini muuzaji akiwa mbali anaweza kuifunga siku malipo yanapochelewa. Utiifu wa mashine hiyo umegawanyika kweli, lakini haukugawanyika kati ya amri na dhamiri. Umegawanyika kati ya aliyelipa na aliyetengeneza. Ufundi wa roboti, inafaa kuongeza, si mali ya mataifa ya mbali peke yao, kwani tangu mwaka 2013 roboti za kuongoza magari zilizoundwa na kundi la mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilisimama katika njia panda za Kinshasa, na aliyetaka kujua nani anaziamuru aliweza kumwuliza aliyeziunda, palepale mjini.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa heshima. Mtaalamu wa roboti Ronald Arkin wa Marekani ameeleza kwamba mashine isiyo na hasira, hofu wala kiu ya kisasi huenda ikazishika sheria za vita kuliko binadamu, na katika ukanda huu, ambamo wanawake wamebakwa na nyumba kuporwa na watu wenye sare, hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini maafa makubwa zaidi ya ukanda huu hayakuwa ya askari waliopandwa na hasira peke yake. Yalipangwa, yakaandikiwa orodha, yakatolewa amri, na yalipungua pale tu aliyeamriwa alipositasita. Mashine isiyojua hasira haijui kusitasita pia.

Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, kwa kura 152 dhidi ya 4, azimio lake la kwanza kuhusu silaha zinazojiendesha, na Katibu Mkuu António Guterres alikwisha kupendekeza kwamba mkataba wa kuzidhibiti ukamilike ifikapo mwaka 2026. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazina sababu ya kungoja mataifa yenye viwanda vya silaha yakubaliane kwanza. Bunge la Jumuiya lililoko Arusha linaweza kutunga sheria inayotaka kila shambulio la kuua liamuliwe na mtu anayejulikana kwa jina na cheo, atakayewajibika mahakamani kwa uamuzi huo. Na kila mkataba wa kununua droni ya kivita ufikishwe mbele ya bunge la nchi husika ukiwa na jibu la maandishi la muuzaji kuhusu nani anaweza kuizima au kuigeuza, akiwa wapi, na kwa idhini ya nani.