Ukienda Rusinga, usiende na simu tu

Desemba ikikaribia, vijana wengi wa Nairobi huwa na mpango mmoja: Pwani. Poa, bahari haina ubaya. Lakini kisiwani Rusinga, Homa Bay, Desemba ndio msimu wa Tamasha la Rusinga, na wengi wetu tumeliona kwenye video tu.

Pale Wasuba hujivunia vyao: mashindano ya mashua, mieleka, chakula na muziki. Lugha yao, Kisuba, UNESCO imeiorodhesha kati ya zilizo hatarini, maana watoto wengi hukua wakizungumza Dholuo. Wimbo wa Kisuba ukiimbwa mbele ya umati, mtoto anajua lugha ya nyanyake si ya kuonewa haya.

Shida ni hii: kwenye sherehe nyingi za mashinani tunamrekodi mzee wa nyatiti, tunapata wafuasi mtandaoni, kisha yeye anarudi nyumbani na makofi. Makofi hayalipi karo. Nyatiti ina nyuzi 8 na kuimudu ni kazi ya miaka. Iritungu ya Wakuria kule Migori ni vivyo hivyo. Kijana gani atajifunza akiona mwalimu wake halipwi?

Basi rekodi, lakini uliza jina lake, liandike chini ya video, na umtumie chochote kwa M-Pesa. Lala kwa wenyeji, kula samaki wao. Nanyi waandaaji wa sherehe hizi, mlipeni mpigaji wa kijijini kabla ya staa wa Nairobi.