Chanjo ya Mbwa Iingie Bajeti ya Afya

Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu yeyote nchini kwa kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kaunti tano ziliteuliwa kuwa za majaribio: Kisumu na Siaya upande wa ziwa, na Machakos, Makueni na Kitui upande wa Ukambani. Mwaka huo wa 2030 hauko mbali tena. Nasema wazi kwamba Kitui na Makueni hazitaufikia zikiendelea kuihesabu chanjo ya mbwa kama shughuli ya mifugo, inayosubiri ng'ombe na mbuzi wamalize kuhudumiwa. Chanjo hiyo ni kinga ya watoto wetu, na inapaswa kulipiwa na fungu la afya.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa mgeni. Kumbukumbu za Kenya zinataja mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao mwaka 1912, karibu na Nairobi, na mtu wa kwanza mwaka 1928. Virusi vyake hupitia kwenye neva, polepole, kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na muda huo ndio nafasi pekee ya kumwokoa aliyeng'atwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaanza kushtuka kila akiona maji, hakuna daktari wala dawa ya kumrudisha, ila kwa nadra mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Ndio wanaochunga mbuzi, ndio wanaotembea kwenda shule alfajiri, ndio wanaocheza na watoto wa mbwa.

Huduma ya kwanza inajulikana: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Nairobi hilo ni jambo la kufungua bomba. Ikutha, kule Kitui, mwezi wa Septemba, maji yakiwa yamebebwa na punda kutoka kwenye mchanga wa mto, mama anapaswa kuamua ni mitungi mingapi ataimwaga juu ya mguu wa mtoto mmoja. Na aimwage yote, nasisitiza, maana hakuna matumizi bora zaidi ya maji hayo siku hiyo. Lakini tusijifanye kwamba agizo lililoandikwa kwa ajili ya watu wenye bomba linatekelezeka kwa wepisi uleule kila mahali. Ndiyo maana wengine huishia kupaka majani, chumvi au pilipili, na siku zinapita.

Kisha kuna sindano. Aliyeng'atwa hachomwi mara moja akarudi nyumbani. Ni ratiba ya ziara kadhaa, na aliyejeruhiwa vibaya huhitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka jeraha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa matibabu hayo, pamoja na nauli na kazi iliyoachwa, hugharimu wastani wa dola 108 kwa mtu mmoja. Hebu mfikirie mkulima wa Tseikuru akimpeleka mwanawe Mwingi kwa bodaboda, halafu arudi naye tena baada ya siku tatu, na tena baada ya hapo. Mbuzi wa kwanza anauzwa, wa pili anafuata. Akiambiwa dozi imekwisha, ajaribu hospitali nyingine, si ajabu akikata tamaa.

Hapa ndipo hesabu inapofunguka. Kichaa cha mbwa kinaua kwa uhakika wa kutisha, lakini hakisambai kwa kasi. Utafiti uliofanywa pembezoni mwa Serengeti ulionyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa wengine kati ya mmoja na wawili tu. Surua haina adabu hiyo. Kwa sababu hiyo, mbwa saba kati ya kila 10 wakichanjwa mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa pa kwenda na hufa vyenyewe. Pemba wameliona kwa macho: ugonjwa ulikatika 2014, ukaingizwa tena 2016, na chanjo ya mbwa ikaumaliza kufikia mwishoni mwa 2018. Pemba ni kisiwa, kweli, na Kitui imepakana na kaunti nyingine pande zote. Hilo linamaanisha kaunti jirani zichanje kwa pamoja. Halimaanishi tukae.

Kwa nini basi hatufiki saba kati ya 10? Tazama siku ya chanjo sokoni. Meza moja chini ya mgunga, kasha la barafu, rundo la kadi. Wavulana wanakuja wakivuta mbwa kwa kamba za katani, na mbwa ambao hawajawahi kufungwa maishani wanajirusha na kubweka mpaka kamba zinakata viganja. Wanaofika ni wale wapole, wa kwenye maboma ya karibu na barabara. Mbwa mkali anayelinda kuku amebaki nyumbani kwa sababu hakuna anayeweza kumshika, na jike anayenyonyesha hawezi kuacha vichanga vyake. Vichanga vyenyewe mara nyingi hukataliwa kwa kudhaniwa ni vidogo mno, ilhali wataalamu wanashauri wachanjwe na wao. Kuwasubiri mbwa kituoni mara nyingi huacha idadi ya waliochanjwa chini ya inayotakiwa. Na mbwa wa Ukambani hawaishi sana. Wengi hufa wakiwa wadogo, wengine huzaliwa, na ndani ya mwaka mmoja kinga iliyojengwa kwa kampeni moja kubwa huwa imeshapungua.

Njia ipo. Watafiti nchini Tanzania wamethibitisha kuwa chanjo ya mbwa inayotumika sana inaweza kukaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25 bila kupoteza nguvu, na wakatengeneza chombo cha kuihifadhia kwa vyungu vya udongo vinavyopoozwa na maji, bila umeme. Kwa kaunti kama Kitui yenye kilomita za mraba 30,000 hivi, ugunduzi huo ni mkubwa kuliko gari jipya la serikali. Chanjo ikae kwenye wadi, kwa msaidizi wa mifugo anayejua ni boma gani lina mbwa waliozaa, naye awachanje mwaka mzima badala ya siku moja. Tangazo litoke kwa Kikamba, kupitia Musyi FM na redio nyinginezo ambazo watu wanazisikiliza wakiwa shambani, kwa sababu mpango wa kitaifa wa kukitokomeza kichaa cha mbwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu na mwenye mbwa hataupata huko.

Atakayelipa ni nani? Katiba ya 2010 imekwisha kujibu, ingawa wachache wanaisoma hivyo. Katika Jedwali la Nne, huduma za mifugo zimeorodheshwa ndani ya huduma za afya za kaunti, pamoja na hospitali, ambulensi na afya ya msingi. Utoaji leseni za mbwa nao ni kazi ya kaunti. Lakini kaunti zetu zilipopanga wizara, daktari wa mifugo alipelekwa kwenye kilimo. Akiomba fedha anashindana na mbegu na madawa ya kupe, na mbwa hana maziwa wala bei mnadani. Huko hospitalini wanaendelea kununua dozi za walioumwa bila kuuliza mbwa aliyeuma yuko wapi. Muuguzi akimpigia daktari wa mifugo siku hiyohiyo, mbwa yule afuatiliwe kwa siku 10. Akiwa hai na mzima, ni hakika kuwa hakuambukiza kwa meno yale, na dozi zilizobaki zimwendee mwingine.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wazururao. Naelewa hasira ya mzazi aliyezika mtoto, lakini mbwa wengi wanaozurura vijijini wana wenyewe, na wakiuawa nafasi yao hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Wapo pia wanaosema kaunti kame zina shida kubwa zaidi: maji, ukame, barabara. Hoja hii ni nzito na siidharau. Ila jibu lake limo katika gharama: sindano ya mbwa ni sehemu ndogo mno ya bei ya kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa. Wala sipendekezi dozi za binadamu zipunguzwe leo. Zitahitajika mpaka mbwa wawe salama, na anayezikata mapema atawaua watu.

Kila 28 Septemba tunaadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani kwa hotuba na fulana. Sheria ya fedha za umma inataka mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka unaofuata ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Sherehe huja mpango ukiwa tayari mezani. Makueni inasifika kwa mikutano ya wananchi inayoanzia vijijini, na Kitui nayo inaitisha yake. Mwenye mbwa wa Kathonzweni au Mutomo aende Agosti, amuulize mwakilishi wake wa wadi chanjo ya mbwa imewekwa chini ya fungu gani, shilingi ngapi, na ni nani katika wadi hiyo atakayeishika sindano.